Kutazama Ndege: Anza Bustanini, Kisha Utoke

Anayetaka kuanza kutazama ndege huuliza kwanza anunue darubini gani na aende msitu upi. Yote mawili yanaweza kusubiri. Msitu una ndege wengi mno kwa jicho ambalo halijazoea: wako juu, wako gizani, wanapita kwa sekunde mbili, na mgeni anarudi nyumbani na orodha ya majina aliyotajiwa na wenzake. Bustanini ndege ni wachache, ni wale wale kila siku, na wengi wao wameshamzoea binadamu. Hapo ndipo jicho hujifunza kazi. Kwa hiyo hapa tunaanza na wiki kadhaa za bustani, matembezi yanafuata. Kama huna bustani, dirisha linaloangalia mti mmoja linatosha.

Hatua ya 1: Kiti kimoja, saa ile ile

Chagua mahali pa kukaa na usipahame. Jua liwe mgongoni mwako au ubavuni, maana ndege aliye kati yako na jua ni kivuli tu, hata awe na rangi za namna gani. Kaa angalau nusu saa. Dakika za mwanzo huwa kimya: ndege wamekuona ukitoka, wamesogea pembeni, wanasubiri kujua kama wewe ni hatari. Wakiona hutikisiki, wanarudi mmoja mmoja.

Wakati mzuri kuliko wote ni saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza. Ndege wadogo wameamka na njaa, hewa imetulia, sauti inafika mbali. Saa ya mwisho kabla ya machweo inafuata kwa ubora. Mchana wa jua kali wengi hujificha, ila usiudharau kabisa, kwa kuwa ndipo mwewe, tai na tumbusi wanapoinuliwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, wakazunguka juu bila kupiga mabawa. Na mvua ikikatika, toka haraka. Palipo na kumbikumbi wanaoruka, hata walaji wa mbegu huja kujipatia fungu lao.

Hatua ya 2: Wajue vizuri shomoro, njiwa na kunguru

Kabla ya kumtafuta ndege yeyote wa ajabu, wajue hawa watatu mpaka uwatambue kwa kivuli. Shomoro ana urefu wa sentimita 15 hivi, kuanzia ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Njiwa wa mjini ana sentimita 32 hivi. Kunguru wengi wako kati ya 40 na 50. Hao ndio kipimo chako. Ukimwona ndege mpya, swali la kwanza ni hili: ni mdogo kuliko shomoro, yuko kati ya shomoro na njiwa, au anamzidi kunguru? Usijaribu kukisia sentimita za ndege aliye peke yake angani, umbali hudanganya kila mtu.

Baada ya ukubwa, tazama mdomo, kwa sababu mdomo unakuambia ndege anakula nini na hivyo unakupeleka moja kwa moja kwenye jamii yake. Mfupi na mnene kama wa chiriku ni wa kupasua mbegu. Mwembamba uliochongoka ni wa kuchopoa wadudu. Mrefu uliopinda kama wa chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maji matamu ya maua (nekta), ni wa kuingia ndani ya maua. Ulio na ncha ya ndoana ni wa kurarua nyama. Kisha tazama mwendo wake. Shomoro chini anarukaruka kwa miguu yote miwili pamoja. Njiwa na kunguru hutembea hatua kwa hatua. Kigogota anapanda shina akiwa ameegemeza mkia wake mgumu kwenye gome, na akiruka hewani anapanda na kushuka kama wimbi.

Rangi iwe ya mwisho. Najua ndiyo inayovuta macho, na vitabu vimepangwa kwa picha za rangi, lakini rangi ndiyo inayowapoteza wengi. Ili kuona kwa nini, kaa karibu na kichaka chenye maua marefu mekundu na umsubiri chozi dume. Anatua kwenye kikonyo, anainamisha kichwa, anazamisha mdomo. Akigeukia jua, koo linawaka kijani; akigeuka tena, ni jeusi tii. Mng'ao huo unatokana na tabaka nyembamba mno ndani ya unyoya zinazorudisha mwanga, na ndiyo maana unabadilika kila anapobadilisha pembe. Ua likiwa refu kuliko mdomo wake, hahangaiki nalo: anatoboa kitako cha ua kwa nje na kufyonza nekta bila kugusa chavua. Wizi mtupu. Sasa tazama matawi mawili chini yake. Yupo ndege mwingine, kahawia, hana hata doa linalong'aa. Anayefuata rangi atasema hao ni ndege wa aina mbili. Anayefuata mdomo, ukubwa na mwendo atajua kwamba huenda ni dume na jike.

Jozi nyingine ya kufanyia mazoezi iko juu ya paa. Mbayuwayu na teleka wote hukamata wadudu hewani, wote wana mabawa marefu, na watu wengi huwaita kwa jina moja. Lakini ukimwona ametua kwenye waya wa umeme, huyo si teleka. Miguu ya teleka ni mifupi na kucha zake zimeumbwa kung'ang'ania kuta na majabali, hivyo hawezi kukaa kwenye waya. Mabawa yake ni membamba, yamepinda kama mundu, na huyapiga haraka haraka kisha akateleza. Teleka wa Ulaya ndiye bingwa wao: mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walionyesha kwamba baadhi yao hukaa miezi 10 hewani bila kutua kabisa.

Hatua ya 3: Andika kabla ya kufungua kitabu

Daftari dogo na penseli. Ukimwona ndege usiyemjua, mtazame mpaka aondoke, kisha andika papo hapo, na kitabu au simu vifunguliwe baadaye. Ukianza na kitabu, picha ya kwanza inayofanana itakaa kichwani mwako, na baada ya dakika mbili utaapa kwamba uliona mstari mweupe ambao haukuwepo.

Maelezo mazuri ya bustanini huwa mafupi hivi:

*Saa 12:40 asubuhi. Mawingu, hakuna upepo. Mmoja, mdogo kuliko shomoro. Mdomo mwembamba, mrefu, umepinda kuelekea chini. Mgongo kahawia yenye ukijani, tumbo la manjano hafifu, mstari mweupe juu ya jicho. Mkia mfupi, mweusi. Amening'inia kwenye ua, kichwa chini. Sauti kali, moja moja: tsip, tsip. Chozi jike? Aina sijui.*

Maneno mawili ya mwisho yana thamani yake. Majike ya chozi wa aina mbalimbali hufanana sana, hata wazoefu huwaacha wengine bila jina. Zoea kutaja sehemu za mwili kwa usahihi: utosi, koo, kifua, ubavu, kiuno, upande wa chini wa mkia. "Alikuwa na weupe mahali fulani" haimsaidii mtu.

Kuhesabu nako kuna kanuni. Usijumlishe kila ujio. Shomoro yule yule anaweza kuja mara kumi ndani ya nusu saa, nawe ukaandika kumi. Andika idadi kubwa zaidi ya aina moja uliyoiona kwa wakati mmoja. Ndiyo kanuni inayotumika Uingereza katika hesabu ya ndege wa bustanini inayoendeshwa na RSPB, shirika la kulinda ndege la huko, tangu 1979: watu hukaa saa moja, wanahesabu waliotua tu, wanachukua idadi ya juu ya papo kwa papo. Kundi kubwa linaloruka? Hesabu kumi wa kwanza, ona wanachukua nafasi kiasi gani, kisha pima kundi zima kwa nafasi hiyo.

Hatua ya 4: Wavute kwa maji

Wengi hukimbilia kumwaga chakula. Mimi naanza na maji, kwa sababu chakula kinawaleta zaidi walaji wa mbegu, lakini ndege wa karibu kila aina hunywa na kuoga. Tafuta chombo kipana, chenye kina cha sentimita 2.5 hadi 5 tu, sakafu yake iwe na mkwaruzo ili miguu isiteleze. Weka jiwe katikati. Kikae mahali pa wazi kiasi, kichaka kikiwa hatua chache pembeni pa kukimbilia, ila si karibu mno hadi paka ajifiche humo. Badilisha maji kila siku. Mbu huhitaji takriban wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo maji yanayomwagwa kila siku hayamzalishi.

Chakula ukiamua kuweka, kiwe mbegu au matunda, kidogo kidogo, kiishe siku hiyo hiyo. Mkate unawashibisha bila kuwajenga, chenye chumvi kinawadhuru, na kilichoota ukungu kinaweza kuwaua. Sahani ioshwe kila wiki na kukaushwa. Sahani chafu ni mahali ndege wagonjwa na wazima wanapokutania, na jambo hili si dogo: Uingereza ugonjwa wa trikomonosi ulilipuka kwa chiriku wa kijani mwaka 2006, ukasambaa kupitia sehemu za kulishia na kunyweshea, na idadi yao imeporomoka tangu hapo. Ukiona ndege amejikunyata, manyoya yamesimama, hakimbii unapomsogelea, ondoa chakula na maji kwa wiki kadhaa ili watawanyike.

Vioo vinaua kimya kimya. Ndege anaona mti ndani ya kioo na kuufuata. Picha moja ya kipanga iliyobandikwa katikati ya dirisha haisaidii. Kinachosaidia ni alama ndogo zilizoenea kioo kizima, upande wa nje, zikiwa na nafasi ya sentimita 5 au pungufu baina yake. Nchini Marekani peke yake, makadirio yaliyotolewa mwaka 2014 yanasema ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 hufa kwa vioo kila mwaka. Paka wanazidi hapo: makadirio ya 2013 ni kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka, nchi hiyo hiyo. Paka wako abaki ndani, hasa asubuhi na makinda wanapotoka viotani. (Ndege anayegombana na kioo cha gari kila asubuhi ni jambo jingine kabisa. Huyo anapigana na "mpinzani" aliyemwona humo. Funika kioo kwa mfuko mpaka msimu wa kuzaa upite.)

Na ukikuta kinda mwenye manyoya chini, anarukaruka na bado hawezi kuruka vizuri, mwache. Wazazi wako karibu na wanamlisha. Akiwa njiani pa hatari, mweke kwenye kichaka cha jirani. Si kweli kwamba mama humkana kinda aliyeguswa na mtu.

Hatua ya 5: Sasa darubini

Namba utakazoona ni kama 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ya 8x42 inamfaa karibu kila mtu: inaonyesha eneo pana, na 42 ukigawanya kwa 8 unapata milimita 5 na ushei za mwanga zinazofika jichoni, kiasi cha kutosha alfajiri. Ya kukuza mara 10 huonekana bora, lakini inakuza na mtetemeko wa mikono pia.

Kuirekebisha: fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione maandishi ya mbali bila ukungu. Kisha fumba la kushoto, usiguse tena gurudumu, zungusha pete ya lenzi ya kulia mpaka nalo lione vizuri. Umemaliza, kuanzia hapo ni gurudumu tu. Kama unavaa miwani, shusha vikombe vya macho.

Kumpata ndege ndani yake ni ufundi wa mwili. Usimwone ndege, ukainama kutafuta darubini, kisha ukaanza kumsaka upya. Macho yabaki kwa ndege, mikono ndiyo ilete darubini machoni. Jizoeze bustanini kwa jani moja la juu ya mti. Na usiielekeze kwenye jua hata kidogo.

Programu za simu zinasaidia. Merlin, ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, ni ya bure na inasikiliza sauti na kupendekeza jina. Ichukulie kama shahidi anayehitaji wa pili. Ndege wapo wanaoiga sauti za wengine, kwenzi wakiwa mabingwa, na programu haijui hilo. Sikia jina, kisha mtafute ndege mwenyewe kwa macho.

Hatua ya 6: Matembezi

Usiende katikati ya msitu. Nenda ukingoni: pale msitu unapokutana na shamba, nyasi zinapokutana na maji, bustani zinapokutana na pori. Ndege wa pande zote mbili hukutana hapo na unaona vizuri. Njia ya kilomita mbili au tatu inayozunguka na kurudi ulikoanzia inatosha asubuhi nzima. Nguo ziwe za rangi iliyofifia, nyeupe ibaki nyumbani. Omba ruhusa ya mwenye ardhi, na usielekeze darubini kwenye nyumba za watu wala majengo ya ulinzi. Maelezo ya kujitetea baadaye huwa marefu.

Tembea kidogo, simama sana. Msituni unaweza kupita robo saa bila kuona hata unyoya, kisha ghafla miti yote inajaa: ndege wadogo wa aina nyingi wakisafiri na kula pamoja. Kundi la namna hiyo likija, simama hapo hapo, tazama kwanza walio pembeni na wanaoondoka, walio katikati watakusubiri. Kelele nazo zifuate. Ukisikia ndege wadogo wanapiga makelele mfululizo kuzunguka mti mmoja, wamemkuta adui: angalia karibu na shina, penye majani mazito, na mara nyingi utamwona bundi aliyejaribu kulala, au nyoka.

Mkiwa kikundi, sita wanatosha. Kuonyeshana ndege kunahitaji lugha, maana mkono uliorushwa juu unamfukuza. Anzeni na kitu ambacho kila mtu anakiona: "mti mkavu wa kushoto, tawi la pili kutoka chini, nusu ya kwenda nje." Wengine huutumia mti kama uso wa saa. Ni njia nzuri, ila kubalianeni mapema: mnasoma namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa, au saa kama tunavyoitaja kwa Kiswahili? "Saa tatu" ya kwanza iko mkono wa kulia, ya pili iko mkono wa kushoto, na nusu ya kikundi itakuwa inatazama majani matupu.

Kiota ukikikuta kwa bahati, pita. Ndege aliyebeba mdudu mdomoni lakini haingii majanini anakusubiri wewe uondoke. Anayeburuta bawa chini kama amevunjika anakuvuta mbali na makinda yake. Rudi nyuma katika hali zote mbili. Usikate tawi ili upate picha, usitangaze kiota kiko wapi, na usipige sauti za ndege kwenye spika msimu wa kuzaa: dume huacha kazi zake zote kuja kupigana na mpinzani asiyekuwepo.

Hatua ya 7: Orodha kamili

Kila ukitoka, andika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, umbali, mlikuwa wangapi, na kila aina uliyoitambua, shomoro na kunguru wakiwemo. Orodha ya ndege wa kupendeza tu inaeleza ladha ya mwandishi. Orodha kamili inaeleza pia nani hakuwepo. Ukipenda kuituma, eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege iliyoanzishwa mwaka 2002, hupokea orodha kutoka popote duniani, na hukuuliza waziwazi kama umeandika aina zote ulizozitambua. Hesabu za ndege wa kawaida zilizofanywa na watu wa kujitolea ndizo zilizowawezesha watafiti, mwaka 2019, kuonyesha kwamba Amerika Kaskazini imepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970, shomoro na ndege wengine wa kawaida wakiwa ndani ya hasara hiyo.

Andika pia tarehe ya kwanza na ya mwisho ya wahamaji kila mwaka. Mbayuwayu wa Ulaya ana uzito wa gramu 20 hivi, na baadhi yao husafiri kilomita zipatazo 10,000 hadi kusini mwa Afrika. Siku anayotokea juu ya paa lako inafaa kuandikwa.

Siku moja utaona ndege ambaye kitabu kinasema hapatikani kwenu. Kabla ya kumpigia mtu simu, pitia haya: je, ni ndege wa kawaida mwenye mabaka meupe ya kuzaliwa nayo? Ni mchanga ambaye bado hajavaa manyoya ya utu uzima? Ameponyoka kwenye tundu la mfugaji, akiwa na pete mguuni au mkia uliochakaa kwa nyaya? Piga picha hata kama ni mbaya, rekodi sauti yake kwa simu, andika maelezo yote ukiwa bado hapo. Kisha mwite mwenzako aje amwone kwa macho yake, bila kumwambia wewe unadhani ni nani.